Nililisimamisha Jiwe Lililolala

Jumamosi iliyopita niliishia pale Genzo aliponivuta mkono wa kimono na kuninong'oneza, "Leo ndiyo leo, Tome. Mchukua mawe amekuja." Nilitaka kukimbia palepale. Leo nawaambia kwa nini, na nikimaliza mnaweza kunihukumu mnavyotaka.

Wewe unayeanza kusoma leo, nikufupishie. Mimi ni Tome. Nilimaliza darasa la sita, mama akafariki, baba akaniacha kwa Fundi Kajimoto, mtengeneza bustani wa hapa Kyoto, nimpikie na kumpalilia. Nina miaka tisa kwake. Nimeunguzwa na sufuria, nimesingiziwa wizi wa mkasi wa matawi, nimeachwa na mchumba muuza tofu siku nne kabla ya harusi. Hayo mmeshayasoma na wengine mmenicheka.

Lakini lipo moja nililolibeba tangu majani yalipopukutika mwaka jana. Fundi Kajimoto haoni.

Sisemi macho yake yamechoka. Haoni. Mwanga anaujua, giza analijua, basi.

Sasa niambieni, nani atampa kazi mtengeneza bustani asiyeona? Wa kuchimba wamejaa, wa kubeba wamejaa. Anayemwita Fundi Kajimoto anaita macho yake. Siku wakijua, tumekwisha. Yeye ana miaka sitini na tatu, hana mke, hana mtoto, na hajui kazi nyingine duniani.

Kwa hiyo natembea nyuma yake nusu hatua, kikapu cha vifaa mkononi, kama mtumishi mwenye adabu. Midomo yangu iko karibu na bega lake. "Ngazi mbili, Fundi." "Msonobari wa kushoto umezidi kuinama." Mimi natazama, yeye anaamua. Hivyo ndivyo tulivyotengeneza bustani nzima ya Bwana Horiba kwa miezi mitatu, na hakuna aliyejua.

Labda Genzo. Genzo ndiye mwanafunzi mkubwa wa Fundi, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, na anaingoja nafasi ya Fundi kama paka anavyomtazama mtu anayeparua samaki.

Bwana Horiba anafuma mikanda ya kimono, ya hariri, ile ya wenye nacho. Mama yake alipigwa na kiharusi. Ulimi umekufa, upande mmoja umekufa, analala chumba cha nyuma mchana kutwa. Siku ya kwanza Bwana Horiba alituambia, "Mama hatatoka nje tena. Nileteeni nje humu ndani."

Genzo akaanza kusifia mawe na miti aliyonayo kichwani. Fundi akamkata.

"Bibi analalia ubavu gani?"

Bwana Horiba akashangaa. "Wa kulia."

"Mto wake una kimo gani?"

"Fundi, mimi nataka bustani. Wewe unaniuliza mito?"

"Kwanza nijue anayetazama yuko wapi. Hayo mengine ni kuchimba tu."

Nilimpenda sana Fundi siku ile.

Sasa dhambi yangu.

Jiwe kubwa la bustani lililetwa na Mzee Torakichi, mchukua mawe, kutoka vijito vya mlimani kaskazini. Jiwe likitolewa mlimani huchorwa mstari wa wino pale udongo ulipokuwa umefika, ili fundi ajue lilikaaje kule. Lililokuwa limelala mlimani hulazwa bustanini. Lililosimama husimamishwa. Ukigeuza, jiwe linakasirika, na hasira yake inamwangukia aliye mnyonge katika nyumba ile. Hakuna fundi Kyoto nzima anayelifanyia mzaha jambo hili. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kofi.

Mvua ilinyesha. Mkeka wa kulifunikia sikuwa nimeufunga sawasawa. Asubuhi nikakuta wino wote umeoshwa.

Mkiishia hapo mtasema masikini, amekosea. Sikukosea. Jiwe lilikuwa na mabaka meupe, yale yanayoota juu ya jiwe lililokaa mvuani miaka na miaka, na yalikuwa upande mmoja mpana tu. Hata mtoto angejua kwamba upande ule ulitazama mbingu. Jiwe lilikuwa limelala. Nilijua.

Lakini siku moja kabla, nikipangusa mikeka chumbani kwa Bibi Horiba, niliweka kichwa changu chini karibu na mto wake. Nilitaka kuona anachokiona. Nikaona ubao wa ukingo wa kibaraza. Bwana Horiba alikuwa ameubadilisha juzi yake, ameweka mnene zaidi, na hakumwambia mtu. Ubao ule ulikata kila kitu kilicho chini ya goti. Jiwe likilala, Bibi ataangalia ubao hadi afe.

Nikachukua brashi na wino. Nikachora mstari upande mwingine.

Fundi alipouliza, "Mstari unasemaje?" nikajibu, "Lilisimama, Fundi." Akapitisha kiganja juu ya jiwe, polepole, akarudia mara ya pili. "Basi lisimame," akasema.

Watu sita na magogo matatu wakalisimamisha.

Siku ya nne Bibi Horiba akagoma kula.

* * *

Sasa turudi kwenye ule mkono wa kimono.

Mzee Torakichi aliingia kwa mlango wa bustani akiwa amefunga kitambaa kichwani, anacheka tangu nje. Ni mtu mfupi, mabega kama meza. Bwana Horiba alikuwa kibarazani. Fundi amesimama chini, karibu na mtungi wa jiwe wa kunawia. Mimi nusu hatua nyuma yake.

Torakichi akaliona jiwe, akapiga makofi.

"Lo! Nani kamwamsha huyu? Mimi nilimtoa mlimani amelala fofofo!"

Akacheka peke yake. Hakujua anachokitia moto.

Bwana Horiba akashuka kibarazani na soksi zake nyeupe, hakutafuta hata kandambili.

"Umesema nini?"

Kicheko kikamkauka Torakichi. Akamtazama Fundi, akanitazama mimi, akatazama jiwe. "Nasema... labda nimelisahau, bwana. Mawe ni mengi."

"Hujalisahau," Genzo akadakia, mpole kama shemeji mgeni. "Mzee Torakichi hasahau jiwe. Tuambie tu, mzee. Lilikuwa limelala au limesimama?"

"Genzo, mwanangu, usinitie maneno mdomoni."

"Limelala au limesimama?"

Torakichi akavua kitambaa kichwani. "Limelala."

Bwana Horiba akawa mweupe. Akahesabu kwa vidole, nikamwona. Siku ya kusimamisha jiwe. Siku mama yake alipofumba mdomo. Akarudia kuhesabu, kana kwamba vidole vitambadilishia jibu.

"Njoo unioneshe," akamwambia Torakichi, na wote wawili wakaenda kwenye jiwe, Genzo nyuma yao.

Tukabaki mimi na Fundi. Nikanong'ona, "Fundi, nisamehe. Mstari niliuchora mimi."

"Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Macho ndiyo yamekufa, Tome. Kiganja hakijafa. Niliyagusa yale mabaka siku ileile."

"Mbona uliliacha?"

"Nilikuwa nangoja uniambie kwa nini. Umekaa kimya siku tisa, wewe binti. Una moyo wa jiwe kuliko hilo jiwe."

Bwana Horiba alikuwa tayari anarudi, anatembea haraka, anakanyaga hata pale pasipo na mawe ya kukanyagia, juu ya ule uoto laini wa kijani nilioubandika kwa vidole vyangu wiki nzima.

"Fundi Kajimoto. Mabaka yale hata mimi mfuma mikanda nimeyaona. Wewe una miaka arobaini katika kazi hii. Hukuyaona?"

Genzo akakohoa kwa heshima. "Hata mimi nilishangaa, bwana. Lakini nikajiambia, macho ya fundi si kama yangu."

Alitamka neno macho polepole, kama mtu anayeonja supu.

Nilijua pale kwamba yeye anajua.

Fundi akanyanyua kidevu. "Niliyaona," akasema.

"Uliyaona?"

"Niliyaona, nikalisimamisha kwa kupenda kwangu."

Mzee Torakichi akavuta pumzi kwa meno. Bwana Horiba akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyetemewa mate.

"Kwa hiyo ulijua. Ulijua linamdhuru mgonjwa, na mama yangu ndiye mgonjwa, ukalisimamisha mbele ya kitanda chake?"

Mnaona alichokifanya? Ili wasijue kwamba haoni, amekubali waseme kwamba ni mchawi. Mtu asiyeona hufukuzwa. Mtu anayeua mama wa mwenzake kwa makusudi, huyo hata mji unamtema.

Mimi ni mvumilivu. Nimelelewa hivyo, tangu shule nilikuwa nikikaa nyuma natazama. Lakini miguu yangu ikatoka yenyewe kwenye ile nusu hatua yangu, ikaja mbele.

"Ni mimi," nikasema.

"Nani kakuita?" Genzo akaruka. "Kang'oe magugu huko!"

"Ni mimi, Bwana Horiba. Wino ulioshwa na mvua, nikachora mwingine. Nilichora kinyume. Nilijua limelala."

"Msichana huyu anajipendekeza," Fundi akasema kwa ukali. "Nimeshasema ni mimi."

"Kila mtu hapa anataka kumuua mama yangu!" Bwana Horiba akapiga kelele, na sauti ikampasuka katikati. "Mmoja anasema mimi, mwingine anasema mimi! Torakichi, ita watu. Lilazwe sasa hivi. Na wewe Fundi, kamba zako na vikapu vyako vitoke kwangu kabla ya adhuhuri."

Torakichi akageuka kwenda. Nikamzuia kwa mkono, mimi, mkono wangu kifuani kwa mwanamume wa umri wa baba yangu.

"Mzee wangu, dakika moja tu. Bwana Horiba, kabla hujalilaza, nenda kalale pale anapolala Bibi."

"Ati nini?"

"Kalale. Kichwa kwenye mto wake, ubavu wa kulia. Ukiinuka hapo, nifukuze mimi."

Genzo akacheka. "Sasa anamwamrisha mwenye nyumba kulala."

Bwana Horiba hakucheka. Alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini. Akapanda kibarazani, soksi zimelowa matope, akaingia chumbani.

Bibi Horiba alikuwa amelala vilevile, uso wake mdogo kama wa mtoto. Mwanawe akapiga magoti, akajinyoosha nyuma yake juu ya mkeka, mtu wa miaka hamsini, na kichwa chake akakilaza pembeni ya kichwa cha mama yake.

"Unaona nini?" nikauliza kutoka bustanini.

"Naona ubao."

"Na juu ya ubao?"

"Jiwe. Naona jiwe. Maji yanalipita hapo kushoto. Sikujua yanaonekana."

Nikaokota ufagio, nikausimamisha mbele ya jiwe, nikaweka kiganja juu ya mpini pale mgongo wa jiwe ungefika kama limelazwa.

"Na mkono wangu, unauona?"

"Mkono gani?"

Torakichi akavaa kitambaa chake tena kichwani. "Ohoo," akasema kidogo.

"Wewe bwana ndiye uliyebadilisha ubao," nikasema. "Fundi alipima kwa ule wa zamani."

Bwana Horiba hakuinuka. Sauti yake ikatoka ndani, imekuwa ndogo. "Sawa. Nimekuelewa. Lakini hali chakula, binti. Siku tisa zilizopita mmelisimamisha, siku ya nne kafumba mdomo. Leo ya tano hajala. Mimi nitazame uzuri wa jiwe, na mama anakufa?"

Nawaambia kweli, nilikuwa naamini kama yeye. Nilikuwa naamka alfajiri nikisema, Tome, umeua.

Muda uleule mtumishi wa nyumba akaingia na sinia, bakuli la uji wa mchele na tunda lililolowekwa chumvi juu yake. Akapiga magoti pale anapopiga siku zote, kati ya Bibi na kibaraza, mgongo wake umeelekea bustani. Akanyanyua kijiko. Bibi akafumba midomo. Kijiko kikamfuata. Bibi akageuza kichwa, kidogo hivi, kwa shida, upande wa kulia. Kijiko kikamfuata tena. Akageuza upande wa kushoto.

Kila mtu aliona mgonjwa anayekataa chakula.

Mimi nikaona mtu anayechungulia.

Sikuomba ruhusa. Nilivua kandambili nikapanda na miguu yangu ya udongo, nikapita mbele ya Bwana Horiba aliyekuwa anaanza kuinuka, nikamwambia mtumishi, "Dada, nipe mimi," na nikazunguka. Nikakaa upande wa ukutani, nyuma ya bega la Bibi, pale ambapo hakuna mtu anayekaa kumlisha mgonjwa kwa sababu mkono hauna njia nzuri. Mbele yake pakabaki wazi. Kibaraza, jiwe, maji.

"Bibi," nikamwambia sikioni, "endelea kutazama. Mimi niko pembeni tu."

Nikaleta kijiko kwa chini, bila kupita mbele ya macho yake.

Akafungua mdomo.

Akameza. Nikaleta cha pili, akameza. Cha tatu kilimwagika kidogo kidevuni kwa kuwa hakuwa ananijali mimi wala uji, macho yake yote yako nje. Mkono wake mzima ukapapasa ukashika mkono wa kimono changu, ukakaza.

"Alikuwa anazibiwa," mtumishi akasema, mikono mdomoni. "Mungu wangu, ni mimi niliyekuwa namzibia!"

Torakichi akageukia upande wa pili, akajifanya anapenga mafua.

Wakati huo Fundi alikuwa ameshapanda kibarazani. Anazijua zile ngazi kwa miguu. Alikuwa amekaa kwa adabu juu ya mbao, magoti pamoja, mikono mapajani, uso wake umeelekea chumbani, anasikiliza kijiko na bakuli. Alikuwa anatabasamu. Miaka tisa nimemwona akitabasamu mara tatu, na hiyo ilikuwa ya tatu.

Nikafikiri, tumepona.

Bwana Horiba aliinuka kutoka kwenye mkeka. Macho yamejaa machozi, anataka kusema na hawezi. Akatembea na soksi zake juu ya mikeka, hakuna hata sauti ya hatua. Akafika mbele ya Fundi, hatua moja tu kutoka magoti yake. Akapiga magoti. Akaweka viganja viwili chini, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Mwenye nyumba. Mbele ya mtengeneza bustani. Hadi chini kabisa.

Mtu akikuinamia hivyo, unainama. Hata awe adui yako. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Unainama palepale, na chini kuliko yeye.

Fundi Kajimoto hakuinama.

Alibaki ameketi wima, anatabasamu, uso umepita juu ya kichwa cha Bwana Horiba kama hakuna mtu.

Nilikuwa upande wa pili wa chumba. Bakuli mkono mmoja, kijiko mkono mwingine, na Bibi amening'ang'ania. Ile nusu hatua yangu ilikuwa imekuwa hatua nane.

Bwana Horiba hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja.

Bustanini Genzo alikuwa ametulia tuli. Aliona. Akaja taratibu mpaka kwenye ukingo wa kibaraza, akaegemea ubao kwa viwiko viwili, kama mtu aliyepata kiti cha mbele.

Nikakohoa.

"Mpe taratibu, Tome," Fundi akasema kwa furaha, sauti yake ikapita juu ya mgongo wa mtu aliyeinama mbele yake. "Bibi asije akapaliwa."

Mgongo wa Bwana Horiba ukakaza. Nikauona kupitia kitambaa cha kimono, ukakaza kama uzi kwenye kitanda cha kufumia. Kisha polepole, viganja vikiwa bado chini, akainua kichwa. Akamtazama Fundi usoni, karibu kabisa, karibu kuliko ambavyo mtu amewahi kumtazama tangu majani yalipopukutika. Akasogea kidogo kulia. Macho ya Fundi hayakumfuata. Akasogea kushoto.

Hata Bibi aliacha kumeza.

"Fundi Kajimoto," Bwana Horiba akasema, polepole sana. "Mimi niko wapi?"

Tabasamu likamtoka Fundi. Hakuielekea sauti ile. Aligeuza uso upande wa bakuli, akanitafuta mimi.